Usaha Kwanza, Kano Baadaye

Mwanzoni mwa karne ya 20 Chicago ilikuwa jiji la machinjio, reli na viwanda, na mikono ya watu wake ilijeruhiwa kila siku. Mfupa wa ng'ombe ukimchoma mchinjaji kidoleni, au waya ukimkwaruza fundi, alifyonza damu, akafunga kitambaa, akarudi kazini. Siku ya pili kidole kilivimba. Siku ya tatu hakulala. Alipofika hospitali, daktari mara nyingi alikuwa na kisu na wazo moja tu: pasua palipovimba. Kumbe mkono una hila. Usaha ukiwa upande wa kiganja, uvimbe mkubwa hujitokeza upande wa juu, kwenye ngozi laini ya mgongo wa mkono. Basi wengi walipasuliwa mahali pasipo na kitu, huku usaha ukiendelea kutafuta njia chini kwa chini. Waliopona walibaki na vidole vilivyokakamaa. Wengine walikatwa mkono, na wengine walizikwa.

Allen Buckner Kanavel, mzaliwa wa Kansas mwaka 1874 aliyekuwa akifundisha upasuaji katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alijiuliza jambo ambalo leo laonekana la wazi: usaha ukishaingia mkononi, hupita wapi? Hakulijibu kwa kubahatisha. Alichukua mikono ya maiti, akadunga kimiminika cha kuganda katika njia ya kidole kimoja kimoja, akakisukuma kwa nguvu hadi kikapenya palipo dhaifu, kisha akaupasua mkono kuona kimetokea wapi. Alirudia kazi hiyo kidole kwa kidole, nafasi kwa nafasi, akilinganisha na wagonjwa aliowaona wodini. Matokeo yake yalitoka mwaka 1912 katika kitabu kilichohusu maambukizi ya mkono peke yake, na kitabu hicho kikachapishwa tena na tena maisha yake yote.

Ili kuelewa alichokiona, msomaji na akitazame kiganja chake. Misuli mirefu inayokunja vidole haimo vidoleni. Imo kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kinachofika kidoleni ni kano, kamba nyeupe ngumu inayong'aa, mbili kwa kila kidole isipokuwa gumba, ambalo lina moja tu ndefu. Kano hiyo hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute, mfano wa waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake. Mishipa ya damu inayoifikia ni michache na myembamba mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwenye ute ule. Ala za kidole cha shahada, cha kati na cha pete huishia mwanzoni mwa kiganja. Ala ya kidole cha mwisho, kwa watu wengi, huendelea hadi kwenye kifundo cha mkono, na ya gumba vivyo hivyo. Pale kwenye kifundo ala hizo mbili mara nyingi hukutana. Ndiyo maana mwiba uliochoma ncha ya kidole cha mwisho unaweza kuleta usaha kwenye gumba, na vidole vitatu vya katikati visiguswe. Ukizidi hapo, usaha hupanda hadi kwenye kigasha.

Kanavel aliwaachia madaktari dalili ambazo hadi leo hubeba jina lake. Kidole kimekunjika kidogo, na mgonjwa hataki kabisa kukinyoosha. Ukishika ncha yake ukakinyoosha taratibu, mgonjwa anaruka kitandani. Ukibonyeza kwa ncha butu ya kalamu kufuata njia ya ala, maumivu yanakufuata mstari huohuo hadi kwenye kiganja, na ukitoka nje ya mstari yanapungua. Mwanzoni alitaja hizo tatu. Baadaye ikaongezwa ya nne, kwamba kidole kizima huvimba sawasawa pande zote. Hakuna mashine inayohitajika hapo. Tabibu wa zahanati isiyo na umeme anaweza kuzitambua kwa mikono yake mitupu, na nadhani hilo ndilo lililozifanya dalili hizo ziishi zaidi ya miaka 100 huku vitabu vizima vya upasuaji vya wakati ule vikiwa vimetupwa.

Haraka ya Kanavel ilikuwa na sababu. Usaha ukijaa ndani ya ala, hauna pa kwenda. Shinikizo linapanda, mishipa midogo ya kano inabanwa, ute unaoilisha unageuka sumu. Kano hupoteza mng'ao wake, ikawa ya kijivu, ikalainika, ikaanza kuchanika kama uzi uliooza. Siku mbili tatu zinatosha kuimaliza. Kwa hiyo alifundisha kupasua mapema, na kupasua ubavuni mwa kidole ili kovu lisije likavuta mikunjo ya mbele. Alifundisha pia jambo ambalo wengi walilipuuza: baada ya kupasua, usiufunge mkono juu ya ubao ukiwa umenyooka. Ufunge ukiwa kama unaoshika glasi, kifundo kimeinuka kidogo na vidole vimepinda kidogo, kwa sababu mkono ukikakamaa katika mkao huo bado utafaa kushika jembe au kijiko. Mkono uliokakamaa ukiwa bapa haufai kitu.

Kabla ya Kanavel, kidole kilichochomwa kilikuwa kimeshaua watu wakubwa, madaktari wakiwamo. Machi 1847 mjini Vienna, Profesa Jakob Kolletschka alikuwa akisimamia upasuaji wa maiti, mwanafunzi akamkata kidole kwa kisu kilichokuwa kikitumika kwenye maiti hiyo. Siku chache baadaye naye alikuwa maiti. Rafiki yake Ignaz Semmelweis, aliyekuwa safarini Venice, aliporudi akasoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa Kolletschka na kuona mambo yaleyale aliyoyaona kwa akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi. Hapo ndipo alipoamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwisho wake ni wa kusikitisha. Alifariki tarehe 13 Agosti 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, damu yake ikiwa imeingiliwa na sumu ya jeraha. Siku moja kabla, tarehe 12, Joseph Lister huko Glasgow alikuwa amefunga kwa mara ya kwanza jeraha la mvulana wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki.

Glovu nazo zilikuja kwa mlango wa nyuma. Katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, mjini Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akibabuka mikono kwa dawa kali ya zebaki iliyotumiwa kusafishia vifaa. Mpasuaji William Halsted, ambaye baadaye alimwoa, aliomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glovu nyembamba za mpira. Zilikusudiwa kumlinda muuguzi. Ilichukua miaka kadhaa wapasuaji kutambua kwamba zilikuwa zikimlinda mgonjwa pia.

Kuzuia vijidudu ni jambo moja, na kurudisha kidole kilichokwisha kuharibika ni jambo jingine. Mwaka uleule wa 1912 ambapo kitabu cha Kanavel kilitoka, Erich Lexer huko Ujerumani alichapisha habari za wagonjwa aliowapandikizia kano za kukunja vidole zilizotolewa sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1916 Leo Mayer wa New York akaeleza kwa kina jinsi kano inavyoteleza na kwa nini mpasuaji anayeikamata kwa koleo anaiua. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikamwaga majeruhi. Udongo wa mashamba ya Ufaransa, uliorutubishwa kwa samadi karne nyingi, uliingia katika kila kidonda. Antoine Depage wa Ubelgiji alisisitiza kukata nyama yote iliyokufa na kuacha jeraha wazi, na Alexis Carrel pamoja na mkemia Henry Dakin wakaanza kuyaosha majeraha hayo mfululizo kwa mirija midogo ya mpira. Dawa ya Dakin ilikuwa haipokloriti ya sodiamu iliyopunguzwa hadi takribani nusu ya asilimia moja. Ni jamaa wa karibu wa jiki tunayoitumia kufulia mashuka meupe, ingawa hakuna anayepaswa kujimiminia jiki ya dukani kwenye kidonda.

Katika jeshi la Marekani lililopelekwa Ufaransa alikuwamo daktari wa San Francisco, Sterling Bunnell, aliyezaliwa 1882. Mwaka 1918 alichapisha makala kuhusu kuunga kano za vidole pamoja na vifaa viwili vipya alivyovibuni. Mtu huyu ndiye aliyeupa upasuaji wa mkono sheria zake. Alitaka eneo lisilo na tone la damu, mkono ukiwa umefungwa mkanda wa kuzuia damu. Alitaka sindano nyembamba, uzi mwembamba, na baadaye waya wa chuma kisichoshika kutu ambao ungeweza kuvutwa na kutolewa nje kano ikishaunga. Alikataza kusugua kano kwa shashi, kuikausha, au kuishika mahali popote isipokuwa kwenye ncha itakayokatwa. Kila mguso, kwake, ulizaa kovu, na kovu ndani ya ala ndilo adui wa pili baada ya usaha.

Bunnell alilipa jina la mitaro ya vita eneo kuanzia mkunjo wa kiganja hadi katikati ya kidole, ambapo kano mbili hupita pamoja katika ala moja finyu: nchi isiyo na mwenyewe. Aliyekatwa kano hapo, alisema, asiungwe siku hiyohiyo. Osha jeraha, funga ngozi, subiri, kisha baadaye toa kano zote mbili na kupandikiza moja mpya. Wapo waliomcheka baadaye kwa woga huo, lakini wanaomcheka wanasahau alivyofanya kazi. Hakuwa na penisilini. Aliyeunga kano katika jeraha lenye uchafu mwaka 1925 alikuwa akicheza kamari kwa kidole cha mtu mwingine. Jeraha likitunga usaha, kano iliyoungwa ilikufa, ile iliyokuwa nzima jirani yake ilishikamana na kovu, na ala ikaziba kabisa. Kidole ambacho kingeweza kusaidiwa kwa kusubiri miezi michache kikawa hakisaidiki tena. Nikimsoma Bunnell kwa jicho hilo, naona mtu aliyepanga kalenda yake kwa kufuata vijidudu: kwanza jeraha lipone kabisa, uvimbe uishe, ngozi ilainike, viungo vianze kukunjika kwa kusaidiwa na mkono mwingine, ndipo kano izungumzwe. Kwa aliyekuwa na maambukizi makali, subira hiyo ilihesabiwa kwa miezi.

Kano ya kupandikiza hutoka wapi? Mara nyingi mkononi mwako mwenyewe. Gusanisha ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Kwa watu wengi kamba nyembamba hujitokeza katikati ya kifundo. Hiyo ni kano ya msuli ambao mwili unaweza kuukosa bila hasara inayohisiwa, na baadhi ya watu huzaliwa bila huo, mkono mmoja au yote miwili. Wapasuaji huitafuta hiyo kwanza. Isipokuwapo, huenda kwenye mguu, kwa kano nyembamba inayoteremka kando ya ile nene ya kisigino, au kwa zile za kunyoosha vidole vya mguu.

Wakati Bunnell akisubiri majeraha yatulie California, jibu la nusu ya tatizo lake lilikuwa likipikwa Ujerumani, katika maabara za rangi za Elberfeld. Gerhard Domagk, akifanya kazi na wakemia Josef Klarer na Fritz Mietzsch, aligundua mwaka 1932 kwamba rangi nyekundu iliyokuja kuitwa Prontosil iliwaponya panya waliodungwa vijidudu vya streptokoki. Habari zikachapishwa Februari 1935. Desemba ya mwaka huo binti yake Hildegard, mtoto wa miaka 6, alianguka akiwa ameshika sindano ya kushonea. Sindano ikazama mkononi na kukatikia humo. Ilitolewa hospitalini, lakini mkono ukavimba, ukatunga usaha, ukapasuliwa mara kadhaa, homa ikapanda, na madaktari wakaanza kuzungumzia kumkata mkono. Domagk alimpa mwanawe dawa yake mwenyewe. Mtoto akapona, na mkono ukabaki. Mwaka 1939 Domagk alipewa Tuzo ya Nobel, serikali ya Kinazi ikamlazimisha kuikataa. Medali yake aliipokea mwaka 1947, bila fedha.

Naona kisa hicho kina uzito wa pekee katika historia hii kwa sababu ya mahali sindano ilipoingia. Mojawapo ya dawa za kwanza za kisasa zilizoweza kuyapiga maambukizi ndani ya mwili ilithibitika machoni pa baba kwenye jeraha la aina ileile ambayo Kanavel alikuwa ameichora njia zake miaka zaidi ya 20 nyuma. Kanavel mwenyewe alifariki 1938 bila kuiona penisilini ikitumika. Alexander Fleming alikuwa ameiona kuvu yake London mwaka 1928, lakini ilikuwa kazi ya Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford kuigeuza dawa, na ilipofika 1944 viwanda vya Marekani vilikuwa vikiitoa kwa wingi wa kutosha majeshi.

Mwaka huohuo wa 1944 kitabu kikubwa cha Bunnell kuhusu upasuaji wa mkono kilichapishwa. Mganga mkuu wa jeshi la Marekani, Norman Kirk, akamteua kuwa mshauri na kumpa kazi ya kusimamia vituo tisa vya mikono vilivyofunguliwa katika hospitali za jeshi. Bunnell, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alizunguka kituo hadi kituo akifanya upasuaji, akifundisha, akikosoa. Majeruhi walikuwa wamefika wakiwa na majeraha yaliyoachwa wazi siku kadhaa kisha kufungwa, kama vita iliyopita ilivyofundisha, na penisilini ikiwa mwilini. Mpangilio ulikuwa uleule: ngozi nzuri kwanza, mifupa inyooke, neva, na kano mwishoni. Tofauti ni kwamba sasa wengi zaidi walifika mwisho wa orodha. Januari 1946, katika hoteli ya Blackstone mjini Chicago, wapasuaji 35 walianzisha chama cha Marekani cha upasuaji wa mkono, na Bunnell akawa rais wa kwanza. Ni jiji lilelile la Kanavel, na baadhi ya waliokaa chumbani humo walikuwa wanafunzi wake.

Lilibaki tatizo la vidole ambavyo subira haikuvisaidia. Kidole kilichopitiwa na usaha huachwa bila ala. Humo ndani ni kovu tupu kutoka ngozi hadi mfupa, na kano mpya ikipandikizwa kwenye kovu hushikamana papo hapo. Leo Mayer, yuleyule wa 1916, pamoja na Nicholas Ransohoff, walijaribu mwaka 1936 kuweka mrija wa seluloidi kwanza ili mwili utengeneze njia mpya kuuzunguka. Wazo lilikuwa sahihi, kitu chenyewe kilikuwa kigumu mno kwa kidole kinachotakiwa kukunjwa. Mwaka 1963 Robert Carroll na Andrew Bassett wa New York walionyesha kwamba kijiti laini cha silikoni huzungukwa na utando mwororo unaofanana na ala. Kisha James Hunter wa Philadelphia akaifanya kazi hiyo kuwa ya maisha yake, akachapisha matokeo ya mwanzo 1965, na mwaka 1971, pamoja na Roger Salisbury, akaeleza utaratibu kamili wa hatua mbili kwa mikono iliyoharibika vibaya.

Hatua ya kwanza hufanywa hivi. Mpasuaji hufungua kidole kwa mkato wa kupinda-pinda, huondoa kovu lote na mabaki ya kano, lakini huacha au huunda upya mikanda midogo inayoibana kano kwenye mfupa. Bila mikanda hiyo kano ikivutwa huinuka kama kamba ya upinde na kidole hakikunji. Kisha hulaza kijiti cha silikoni kuanzia ncha ya kidole hadi kwenye kigasha, akakifunga upande wa ncha tu. Upande wa juu huachwa huru. Kwa takribani miezi mitatu mgonjwa hukunja kidole hicho kwa kukisukuma na mkono mwingine, kijiti kinateleza huku na huko, na mwili unajijengea ala mpya. Hatua ya pili ni ya kupendeza kuitazama. Mikato miwili midogo, mmoja kwenye ncha ya kidole, mmoja juu ya kifundo. Kano ya kupandikiza hufungwa kwenye mwisho wa kijiti, kijiti kinavutwa kitoke upande wa ncha, na kano inakifuata hadi mahali pake bila mkono wa mtu kuigusa njiani.

Lakini silikoni ni kitu cha kigeni, na historia ya Kanavel inarudi hapo kwa ukali wake wote. Bakteria wakishashika juu yake hujifunika utando wa ute ambao dawa hazipenyi vizuri. Kijiti kikiambukizwa, mara nyingi hakuna ujanja: kitolewe, kidole kioshwe, mgonjwa atibiwe, na kazi nzima ianze tena miezi kadhaa baadaye kama bado kuna cha kuanzia. Kwa hiyo hakuna mpasuaji makini anayeweka kijiti katika kidole kilichokuwa na usaha karibuni. Hungoja miezi mitatu, wengine sita, hadi ngozi ipoe na isibaki dalili ya uhai wa vijidudu. Hata namna ya kuondoa damu mkononi kabla ya kufunga mkanda hubadilika. Mkono safi huviringishwa mpira kutoka vidoleni kwenda juu ili damu isukumwe nje. Mkono wenye maambukizi huinuliwa tu dakika chache, kwa sababu ukiukamua utaisukuma sumu iende mwilini.

Wakati Hunter akijenga ala mpya, wengine walikuwa wakiivamia nchi isiyo na mwenyewe. Claude Verdan wa Lausanne, Uswisi, alichapisha mwaka 1960 matokeo ya kuunga kano mapema katika eneo hilo. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville, Kentucky, alisimama mbele ya chama kilichoanzishwa na Bunnell akasema anaunga kano hizo tangu mwanzo na kuzitembeza kwa mpira unaovuta ukucha. Wenzake hawakumwamini kirahisi. Leo kukatwa kano kwa kisu kisafi cha jikoni ni jeraha linaloungwa mapema, ndani ya siku chache, na kanuni ya Bunnell imebaki kwa majeraha machafu. Ukitaka maoni yangu, Bunnell na Kleinert wote wawili walikuwa sahihi. Kilichobadilika katikati yao ni antibiotiki, nyuzi bora na ujuzi wa kutembeza kidole bila kuikata kano tena.

Kuna jeraha moja ambalo hata leo linawaponyoka madaktari vijana. Mtu anampiga mwenzake ngumi mdomoni, jino linapenya ngozi juu ya konzi, linagusa kano ya kunyoosha kidole na kuingia kwenye kiungo. Wakati huo ngumi imefungwa. Akiifungua, kano inateleza kurudi nyuma, tundu la ngozi na tundu la kano havikai tena sambamba, na mate ya mtu mwingine yamefungiwa ndani. Juu unaona mchubuko mdogo tu. Mgonjwa naye, kwa aibu, husema alijikwaa. Anayeshona mchubuko huo na kumrudisha nyumbani amefunga mlango huku mwizi akiwa ndani. Jeraha la namna hiyo hufunguliwa, huoshwa, huachwa wazi, na mgonjwa hupewa dawa za vijidudu vya kinywani. Kano iliyokatika huko hungoja.

Si kila aliyefanya kazi hii aliifanya Marekani au Ulaya. Paul Brand, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa India mwaka 1914, alianza Vellore mwishoni mwa miaka ya 1940 kuhamisha kano katika mikono ya wagonjwa wa ukoma waliopinda vidole. Aligundua upesi kwamba ufundi wa kushona haukuwa kikwazo kikubwa. Wagonjwa wake hawakuhisi maumivu. Walishika sufuria ya moto, walifanya kazi na kidonda kilichotunga usaha, na usiku panya waliwatafuna vidole bila wao kuamka, hata Brand akawapa wagonjwa paka. Alitambua kuwa vidole havikuwa vikioza kwa ukoma wenyewe bali kwa majeraha na maambukizi yasiyouma, na akafanya sehemu kubwa ya kazi yake kuwa kumfundisha mgonjwa kukagua mikono yake kila jioni. Mwaka 1965 kituo cha ALERT kilifunguliwa Addis Ababa, kikawafundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika matibabu ya ukoma pamoja na upasuaji na mazoezi ya namna hiyo.

Sura ya karibu nasi zaidi imeandikwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 1984 kutoka Nigeria ziliripotiwa habari za wagonjwa wa kisukari waliokuja na mkono uliovimba na kuoza baada ya jeraha dogo. Baadaye hali hiyo ikapewa jina la ugonjwa wa mkono wa kisukari wa nchi za joto. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliifuatilia Dar es Salaam, na Novemba 2002 jarida la kila wiki la kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani lilichapisha taarifa ya wagonjwa wa jiji hilo wa kati ya 1998 na 2002. Mwanzo wa ugonjwa huo ni wa kawaida kabisa: kung'atwa na mdudu, kujikwaruza, mwiba wa samaki, na wengine hawakumbuki lolote. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupigana kwa ulegevu, na neva zilizoharibika huficha maumivu. Ile dalili ya Kanavel ya mgonjwa kuruka kidole kinaponyooshwa inaweza isijitokeze kama ilivyo kwa wengine. Mgonjwa huweka dawa ya kienyeji au marhamu ya dukani, hungoja, na anapofika hospitali usaha umeshapanda hadi kwenye kigasha.

Mgonjwa huyo akilazwa, mpangilio ni ule wa wakubwa waliotangulia, pamoja na kipimo cha sukari na sindano ya pepopunda. Insulini huanza saa ileile na antibiotiki. Mkono hupasuliwa, huoshwa, huachwa wazi, na baada ya saa 48 hurudishwa chumba cha upasuaji kutazamwa tena. Kano iliyong'aa huhifadhiwa kwa kitambaa chenye unyevu. Ya kijivu hukatwa. Kila siku mazoezi, hata kama ni kukunja vidole vilivyobaki tu, ili viungo visikakamae wakati wa kungoja. Suala la kijiti cha silikoni na kano ya kupandikiza huja miezi kadhaa baadaye, sukari ikiwa imetulia na kidonda kimefunga, kama kidole chenyewe kilinusurika.